Uko In?

Kila Jumapili kule Kianda, kabla ya kusonga ugali, Marvin alizunguka akiwauliza wenzake, "Uko in?" Yaani, unakula nasi? Aliyejibu "niko in" alipimiwa unga wake. Babake, Oketch, naye aliulizwa, na kila mara alifoka kama mtu aliyetukanwa: "In ndiyo nini? Ongea lugha ya watu." Marvin alicheka, akampimia tu.

Sasa Marvin anaishi Kabiro. Jumapili hii Oketch alienda kumtembelea. Marvin alimkaribisha kwa Kiswahili safi, akampa kiti kizuri, kisha akaanza kuwauliza marafiki zake mmoja mmoja, "Uko in?" Oketch alingoja zamu yake. Marvin alimpita kwa heshima.

"Niko in," mzee akasema, lakini unga ulikuwa umeshaingia kwenye sufuria.