Nani Atashuka Ng'ambo

Jumapili baada ya ibada, Anold alifika kutoka Tarime na mkate, kilo mbili za sukari, na habari ambayo Gati hakuipenda tangu ilipomtoka mdomoni.

"Mama zangu," alisema, amesimama uani katikati ya nyumba zao mbili, "Jumamosi tunawapeleka bwawani. Mtapanda boti, mtembezwe majini kama watalii. Mmekaa ndani mno."

Agustina, mama yake mzazi, alipiga kigelegele palepale alipoketi, ingawa nyonga yake ilikuwa imevunjika. Gati, mke mwenza, hakupiga.

"Tunatembea kwenda wapi?" aliuliza.

"Kutembea tu, mama mdogo."

Kutembea tu! Gati alikuwa amezeekea Morotonga, na hakukumbuka hata siku moja mtu kumsumbukia mwenzake hivihivi tu. Maji aliyajua ni ya kuchota, ya kunyweshea ng'ombe, ya kuvulia samaki. Mtu akiwabeba vikongwe wawili ambao hata chooni hawaendi bila kushikwa, akawapakia kwenye boti, huyo ana lake jambo. Tangu kiharusi kimlaze miguu na mkono mmoja, Gati aliishi kwa macho na masikio, na hakuyapa mapumziko hata mara moja.

Kesho yake alimwona Anold anapima mlango wa nyumba yake kwa futi, juu, chini, kisha upana.

"Mlango wangu una kosa gani, mura, kijana wangu?"

"Hauna kosa, mama mdogo."

Akaikunja futi yake, akaenda zake anapiga mluzi. Gati akabaki anautazama mlango. Unapimwa wa nini, kama nyumba haijapata mtu mwingine?

Hofu yake ilikuwa moja, na aliishi nayo tangu mume wao, marehemu Kisyeri, alipozikwa. Agustina alizaa watoto wa kiume, Anold na Ezekiel. Yeye alizaa Happy peke yake, na Happy aliolewa Natta na Stanslaus, dereva wa kambi ya watalii. Boma lilikuwa la watoto wa kiume. Siku wakimchoka watamfungia virago na kumpeleka kwa binti yake, akalale nyumba moja na mkwe wake, mwanamume ambaye hata mkono hawapeani, ambaye kula naye chumba kimoja ni aibu tupu. Aogeshwe huku mkwe anasikia maji yakimwagika! Gati aliona afadhali kufa.

Lakini kilichomtia homa hasa ni ukoko. Tangu akina mama hawa waanze kula sufuria moja, waligombania ukoko wa ugali kama watoto, na Agustina, kwa kuwa ndiye mke mkubwa, hakuwahi kukosa kipande kinene. Wiki ile alimwita Efrazia, mke wa Ezekiel anayewapikia, akamwambia, "Mpelekee Mama Happy wote." Si siku moja. Kila siku! Gati aliutafuna wote, maana ulikuwa umeiva vizuri, ila kila alipomeza alijiuliza anafidiwa nini.

Alhamisi Happy alipiga simu.

"Mama, we nenda tu, usibishe. Baba Neema naye atakuwepo."

Baba Neema ndiye Stanslaus.

"Atakuwepo wapi?"

Simu ikakatika. Mtandao, wangesema. Gati hakuuamini mtandao pia.

Ijumaa blanketi lake jekundu, lililofuliwa na kuanikwa, halikuonekana kambani. Efrazia alisema labda upepo, akainama haraka kupuliza moto. Upepo gani huo unaobeba blanketi zito na kuacha soksi?

Jumamosi asubuhi walibebwa hadi bwawani, huyu mgongoni kwa Anold, yule mgongoni kwa Ezekiel, baada ya pikipiki za matairi matatu kuwashusha njia ilipokwisha. Ezekiel aliazima boti ya injini kwa wavuvi. Alikuwa amefungia viti viwili vya plastiki kwenye mbao kwa mipira ya matairi, akatandika na mito. Waliwavisha majaketi ya kuelea, wakawafunga vifungo shingoni. Agustina alicheka mpaka akakohoa. Gati alikuwa anatazama begi.

Begi lilikuwa kubwa, jeusi, limesukumwa chini ya kiti cha mbele. Zipu yake haikufunga vizuri, na penye uwazi palichungulia kitambaa chekundu.

Blanketi lake.

Basi ndivyo. Gati aliamua hatawapa furaha ya kumsikia akilia, wala hatakula chochote chao. Chapati alizoletewa alizirudisha. Soda aliishika tu mpaka ikachemka mkononi.

Ezekiel aliwasha injini, boti ikaingia katikati ya maji. Kulikuwa shwari, na ng'ombe wa watu walikuwa wanakunywa ukingoni. Walipofika mbali kidogo, Agustina alimgusa mwanawe begani akamwomba azime injini. Boti ikaelea yenyewe.

"Mama Happy," Agustina alisema, "si ni hapa? Ule mlima uko kulia, na lile jiwe lile limechomoza majini. Boma letu la zamani liko hapa chini."

Ilikuwa kweli. Kabla bwawa halijajengwa na boma kufunikwa na maji, hapo ndipo Kisyeri alipowaoa wote wawili. Gati alilijua lile jiwe. Alikuwa anakaa chini yake kila jioni akichambua mboga, na Agustina amesimama nyuma yake anamkosoa.

"Jiko letu lilikuwa upande gani?" Agustina aliuliza.

"Jiko silioni. Naona maji."

"Unakumbuka ile masika paa lilipovuja, tukalala wote kitanda kimoja na Happy katikati? Ulinikanyaga usiku kucha."

Gati alikumbuka vizuri sana, na ndiyo maana alikasirika. Mwanamke anayekufukuza nyumbani asikuletee habari za kitanda kimoja! Kumbe siku zote zile za ukoko alikuwa anamlainisha, kama anavyolainishwa kuku kwa mtama kabla ya kushikwa.

"Sikumbuki," alijibu.

Agustina alimtazama kitambo, kisha akayatazama maji. Anold alikohoa, akamfanyia ndugu yake ishara, na injini ikawaka.

Gati alingoja boti igeuke kurudi Morotonga. Haikugeuka. Ilinyoosha kwenda ng'ambo, na ng'ambo kulikuwa na barabara, na kando ya barabara gari la kijani lenye hema juu, la kambi ya watalii. Karibu na gari amesimama mwanamume, uso ameupeleka kwingine, kama inavyompasa mtu anayemwona mama mkwe wake anakuja.

"Stanslaus!" Gati alisema, na sauti aliyoibana wiki nzima ikafunguka. "Nilijua! Mnanipeleka kwa mkwe! Anold, nilikubeba mgongoni ukiwa na surua, leo unanitupa kama kopo? Mimi sishuki! Mnisikie, sishuki! Nani atanibeba, yeye? Anishike yeye, mbele ya Mungu?"

"Mama mdogo..."

"Na wewe Mama Anold! Ulitaka nyumba yangu ungesema! Unaniibia mpaka blanketi!"

Boti iligusa tope ikasimama. Anold alivua viatu, akashuka kwenye maji ya magoti, akaja upande wao huku amenyoosha mikono. Gati aliushika ukingo wa boti kwa mkono wake mzima, akafumba macho, akajikaza.

Hakuna aliyemgusa.

Alipofumbua, Anold alikuwa amepitisha mikono chini ya Agustina. Alimnyanyua kwenye kiti akiwa na jaketi lake, na ile miguu myembamba ikaning'inia juu ya maji. Ezekiel alichukua begi jeusi akalitia begani.

Stanslaus, mgongo kwao, aliiambia barabara kwa heshima:

"Shikamoo mama. Mimi natumwa Sirari kuwapokea wageni wa kambi. Nampeleka Mama Anold mpaka Tarime. Ni huyo tu."

"Marahaba," Gati alijibu, kwa kuwa mdomo ulijua kazi yake hata kichwa kilipokuwa hakijui.

"Nyonga imekataa, mama mdogo," Anold alisema, amesimama majini na mama yake kifuani. "Daktari anataka awe karibu, afanyishwe mazoezi kila wiki. Atakaa kwangu. Mlango wako ndio Ezekiel anaupanua wiki ijayo, kiti cha magurudumu tulichokununulia kiingie."

"Akae mpaka lini?"

Anold aliangalia pembeni. Gati alielewa kwamba siku ya kurudi haijulikani.

"Mama Anold," aliita, na sauti ilimtoka ndogo. "Kwa nini hukuniambia?"

Agustina aligeuza uso kutoka kifuani kwa mwanawe. Alikuwa analia, na bado ule ukaidi wake ulikuwa palepale mdomoni.

"Ungeninyima blanketi," alisema. "Na Tarime kuna baridi."

Gati alitaka kusema mengi. Alitaka kusema jiko lilikuwa upande wa kushoto, mlango umeelekea jiwe, na kwamba kitandani aliyekanyaga ni Agustina, si yeye. Lakini Anold alishaanza kupanda ukingo, na mlango wa gari ulikuwa wazi. Aliinua mkono ule mzima. Hakujua kama Agustina aliuona.

Wakati wa kurudi, kiti cha pili kiliachwa pale mbele yake, kimefungwa kwa mpira, na mto juu yake. Ezekiel alipopita karibu na lile jiwe alipunguza mwendo bila kuambiwa. Gati alilia waziwazi, hakujificha, na aliona aibu kwa wiki nzima aliyoipoteza akimvizia mwizi ambaye hakuwepo.

Jioni Efrazia aliweka mezani ugali na samaki wadogo wa furu, na ukoko wote wa sufuria, mnene, mzima, kwenye sahani yake peke yake. Nyumba ilikuwa yake. Ukoko ulikuwa wake. Gati aliukata katikati kama walivyozoea kugawana, akatazama vile vipande viwili, na asijue cha kufanya na kile kinene.

"Efrazia, nipigie Mama Anold."

Simu iliita sana kabla ya kupokelewa.

"Sikiliza," Gati alisema, kabla mwenzake hajasema haloo. "Lile blanketi bado ni langu. Na usimpe mtu akuletee. Ulilete mwenyewe."