Mkoa Mmoja, Kiti Kimoja

Wanaume wa Katanga, kule Kongo, acha niwaseme mimi, maana wenyewe hawatajisema. Mimi Pascasie ni Mrundi wa Rumonge, nasuka nywele Joubert Park hapa Johannesburg, huko kwao sina jimbo wala kijiji cha kugombania. Nilikaa kando nikatazama walivyomfanyia Marcelline, na hasira niliyoipata haijaniisha mpaka leo.

Marcelline tulikuwa tumekodi naye saluni moja, viti viwili na kioo kimoja, chini ya jengo la zamani ambalo lifti yake ilikufa kabla hatujaingia nchi hii. Watu walimwita Mama Shekinah. Huyo Shekinah ndiye mtoto wake wa pekee. Alipokuwa na miaka tisa, shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, alimchukua akaenda naye Ulaya asome, na Marcelline akashuka kusini kutafuta maisha. Hawakuonana tena. Walikuwa wanaongea kwenye simu Jumapili baada ya ibada, mtoto Kifaransa kikimjaa na Kiswahili kikimtoka, mama akicheka hata pale ambapo Kifaransa hicho cha haraka kilimpita.

Basi mwaka 2016, mwezi wa nane, chama cha Wakatanga wa Johannesburg kikaandikiwa na baraza la mkoa mmoja wa Ulaya, mkoa uleule anaoishi Shekinah. Mkoa huo ulikuwa na urafiki wa siku nyingi na Katanga. Tena ulikuwa ndani ya mtandao wa mikoa ya Ulaya inayoshirikiana, na mtandao huo ungefanya mkutano wake mkuu mwezi wa nne mwaka unaofuata, kuzungumzia watu walioondoka makwao. Kila mkoa rafiki uliombwa umlete mtu mmoja kati ya wananchi wake walio nje. Mambo ya safari na viza wangeyashughulikia wao.

Wakamchagua Marcelline bila ubishi. Alikuwa katibu wa akina mama, ana hati safi ya kusafiria ya wakimbizi, na mbele za watu haogopi. Hata mwenyekiti, Baba François, au Papa François wanavyomwita wenyewe, ambaye kumsifu mtu mwingine humchukua muda, alisimama akasema, "Mama Shekinah ndo atatubeba."

Siku hiyohiyo Marcelline akampigia binti yake. Shekinah alikuwa ameshaposwa, arusi ikawa haijapangiwa tarehe. Sasa ikapangwa: Jumamosi, siku moja baada ya mkutano kwisha. Ukumbi ukashikwa, wakwe wakaarifiwa. Marcelline alikaa kwenye kiti cha wateja, kitana mkononi, analia na kucheka kwa pamoja.

"Pascasie, nitamuvalisha miye mwenyewe," alisema. "Hapana mutu mwingine atamugusa."

Niliona wivu kidogo, nakiri, lakini nilifurahi naye. Katika jiji hili habari njema ukizisikia za mwenzako unazishika kama zako.

Sasa, mwaka mmoja kabla ya hapo, serikali ya kwao ilikuwa imeikata Katanga vipande vinne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika ya kwao, si ile ya Watanzania. Hapa Johannesburg hakuna aliyejali. Walikuwa wanazikana pamoja, wanasali pamoja, askari wa jiji wakija wanakusanya bidhaa pamoja na kukimbia. Ni mwaliko ule uliowaamsha. Kwenye kikao kilichofuata, ghorofa ya pili ya jengo moja la mjini wanaposalia, Firmin, fundi cherehani wa Kalemie, alinyoosha mkono.

"Wazungu banaita Katanga," alisema. "Katanga gani? Katanga ilikufa. Miye niko mutu wa Tanganyika, tuko na gouverneur wetu. Huyu mama anaenda kusemea nani?"

Laiti angemeza mate tu. Kabla ya mwezi kwisha kulikuwa na vyama vinne, mihuri minne na wenyeviti wanne, na kila mmoja amechapisha bango lake.

Na Marcelline? Alizaliwa Kalemie, akasomea Lubumbashi, akaolewa na mtu wa Kamina, na huyo mume akafanya kazi Kolwezi, akafia huko, akazikwa huko: miji minne, mmoja katika kila kipande. Kama katika Johannesburg yote kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa Katanga nzima, ni yeye. Wenye akili wangesema huyu anatutosha sote. Hawa walichukua jambo hilohilo wakalifanya sababu ya kumkataa. Firmin, sasa mwenyekiti wa Kalemie, alisema ameolewa Kamina, si wa Tanganyika tena. Mwenyekiti wa Kamina alisema mume ameshakufa, basi ukoo umekwisha. Mwenyekiti wa Kolwezi alisema kaburi la mume halimpi mtu uenyeji. Na Papa François, yuleyule wa "atatubeba", sasa mwenyekiti wa Lubumbashi, alisema Lubumbashi alisoma tu, na wanafunzi huja wakaondoka.

Marcelline akaanza kuwazungukia wenyeviti majumbani kuwaomba. Mtaani Berea, kwa Papa François, nilimsindikiza mimi. Marcelline alipiga magoti pale kwenye zulia, mwanamke mzima.

"Papa, sitaki cheo. Maneno yote munataka muandike, miye kule nitayasoma tu. Nataka tu kuona mutoto wangu."

François alimwinua kwa upole, maana adabu anazo. "Mama, hii hapana mambo ya mutoto. Ni mambo ya jimbo."

"Jimbo gani, Papa?" nilimuuliza mimi. "Hilo ambalo hujalikanyaga tangu likatwe?"

Akaniambia Warundi tuna moto kwetu wa kuzima, niende nikauzime. Alikuwa na haki, moto ulikuwepo. Lakini mimi sikumwendea na moto wa kwetu, nilimwendea na mama aliyepiga magoti.

Mwezi wa pili mwaka 2017 akaja André, afisa wa baraza la ule mkoa wa Ulaya. Alikuwa na shughuli Pretoria, akasema apite aonane na watu wa Katanga. Alipoingia kwenye ukumbi wao wa ibada alikuta mabango manne ukutani na wazee wanne mbele, kila mmoja na hotuba yake ya kumkaribisha. Akakaribishwa mara nne. Akala sambusa, akanywa Fanta, na aliyekuwa anamimina hiyo Fanta ni Marcelline, kwa sababu sinia walimpa yeye.

André alikuwa mtu mpole, Kifaransa chake cha polepole. Alisema hata kwao mambo kama haya yamewapata. Serikali yao imeunganisha mikoa mitatu ikawa mmoja, wamegombania jina, wamegombania makao makuu, na mpaka leo kuna wajumbe wasiosalimiana.

"Lakini kwenye mtandao wetu wa mikoa," alisema, "mkoa mmoja, kiti kimoja. Tunanuniana, na kwenye kiti tunakaa. Nipeni jina moja lenye sahihi zenu nne kabla ya Ijumaa. Mkishindwa, nafasi itakwenda kwa wengine."

Wenzao watatu wamekuwa mmoja, wao mmoja wamekuwa wanne, na bado walimpigia makofi.

Halafu André akafungua mkoba wake. "Mwaka jana mlinitumia jina la mama mmoja. Yeye vipi?"

Marcelline alikuwa hatua mbili nyuma yake, sinia mkononi. François akawahi kujibu kwamba jina lile wameliondoa kwa sababu za utaratibu.

"Huyu hapa!" nilipiga kelele kutoka mlangoni. "Mama mwenyewe huyu hapa, nyuma yako!"

André akageuka. Aliona aibu, uso ulimwiva mpaka masikioni. Akasimama, akampa mkono, na Marcelline akalazimika kuhamisha sinia ili aushike.

"Madame," alisema, "mimi siwezi kuwachagulia. Ninyi ndio mnaojua mambo yenu."

Huo nao ni upole. Upole wa kunawa mikono, na mtu hawezi kuukasirikia vizuri. Ijumaa wenyeviti walituma majina manne, kila mmoja la kwake. Jumatatu jibu likaja kwamba kiti kimepewa mkoa mwingine, na kwamba baraza linaheshimu sana mashauriano yao.

Marcelline aliomba viza kwa njia yake. Wakamnyima. Shekinah alitaka kuahirisha arusi, mama akamkataza: ukumbi umeshikwa, wakwe wamejiandaa, wageni wengine wanatoka mbali. Alimkataza kwa sauti ya kawaida kabisa. Akakata simu, akamaliza kumsuka mteja aliyekuwa kitini.

Siku ya arusi nilifunga saluni mapema, tukaketi wawili ndani. Alivaa kitenge alichoshonewa kwa ajili ya safari. Tulikuwa tunangoja Shekinah apige simu ya video wakitoka kanisani.

Mlango ukagongwa. Walikuwa wenyeviti, wote wanne, suti na tai, na kreti ya soda. Wamekuja kumtoa binti yao, walisema. Mtoto wa Katanga hawezi kuolewa bila wazee. Neno lile Katanga walilitamka hivihivi, bila haya, kama kwamba hawakuwa wao waliolizika. Marcelline hakuwafukuza. Aliwaonyesha viti, wakakaa. Na hawakukaa hata dakika kumi, ubishi ukaanza: nani ataongea na wakwe kama baba? Firmin alisema mama amezaliwa kwao. Wa Kamina akasema damu ya mtoto ni ya baba, na baba ni wa kwao. Wa Kolwezi akalitaja kaburi. François akasema yeye ni mkubwa wao wote, na tai akainyoosha.

Simu ikalia. Niliipokea mimi nikaishika mbele yake, ili mikono yake iwe huru. Shekinah alitokea na shela nyeupe, machozi yamemharibia wanja, nyuma yake watu wanaimba na kupiga vigelegele.

"Mama! Unaniona?"

"Ninakuona, mwanangu. Ninakuona."

"Na wewe, uko na nani hapo? Kuna batu?"

François alikuwa ameshasimama, anasogea, mdomo wazi. Marcelline akamtazama, akawatazama na wengine watatu mmoja mmoja, akarudi kwenye simu.

"Hapana," alisema. "Hapana mutu. Niko miye peke yangu."

Nami nilikuwa mle ndani. Niliisogeza simu karibu kidogo, mtoto asione kitu kingine ila uso wa mama yake.