Pete Namba Saba Inakoroma

Haya ni kweli tupu, na anayebisha aende Milola akamuulize Likwata, karani mstaafu wa ghala la korosho. Aliapa mwenyewe kwa jogoo wake: "Nikisema uongo, achinjwe!"

Na jogoo huyo si wa kuchezea. Tangu Mwanasha mkewe afariki, ndiye pekee aliyebaki kujibizana naye alfajiri.

Benadetha, mtafiti kutoka Morogoro, alikuja mara moja tu. Akapigilia pete kumi za bomba la plastiki kwenye udongo wa msitu, akamwachia Likwata mashine. Kila Jumanne aifunike pete, asubiri dakika tatu, mashine ipime hewa ya ukaa inayotoka ardhini, kisha atume vipimo kwa simu.

"Ukishafunika, kaa hatua ishirini, babu. Hata pumzi yako ina hewa hiyo."

Akaondoka. Miezi minne Likwata akituma vipimo, anajibiwa "asante" basi. Mwishowe akampigia Benadetha.

"Mjukuu wangu, namba saba inakoroma! Chini kalala chatu, kameza mbuzi wawili na kengele zao. Akipumua, majani yanaruka!"

Benadetha akatazama vipimo. Kweli, wiki sita namba saba ilizizidi nyingine mara tano. Siku ya tatu akafika.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mchumba. Chatu anakusubiri."

Akaunganisha mashine na kompyuta yake, akachuchumaa penye pete.

"Udongo hupumua taratibu, babu, mstari unapanda umenyooka. Huu unaruka-ruka, kama mtu anapuliza jiko la mkaa." Akaonyesha vishimo viwili ardhini, kando ya pete. "Na haya magoti ni ya nani? Chatu ana magoti?"

"Wa huku wanayo," Likwata akasema.

Benadetha akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaacha kucheka. "Wiki sita zote za namba saba nazifuta. Kwa nini lakini, babu?"

"Ungekuja?"

Benadetha akaifunga kompyuta.

Kiapo ni kiapo. Likwata akamchinja jogoo, akamnyonyoa mwenyewe, wakala wali kwa kuku, akasimulia na habari za nyangumi aliyepanda mnazi. Alasiri Benadetha akapanda gari.

Kesho yake hakuna aliyewika. Likwata akaamka jua limeshapanda.

Jumanne akaifunika namba saba, akarudi nyuma akihesabu hatua ishirini. Akaongeza tano, akasimama huko, mkono mdomoni.