Doa Lililochemshwa

Mke wa fundi saa alikuwa dobi, na dobi hafichwi kitu. Watu hudhani wamemletea nguo, kumbe wamemletea habari zao za wiki nzima. Nani kalala kwa nani, nani kaanza tena kuvuta sigara, nani analia usiku akajifutia mto: yote alikuwa anayajua kabla hata hajamwaga sabuni. Mtaani walimwita Jicho. Hakuwa mmbea, msije mkamsingizia. Aliyoyaona aliyamwaga pamoja na maji machafu, basi.

Sasa, mtu kama huyo, siku moja anamkuta mumewe bafuni kainamia ndoo, anafua nguo zake za ndani mwenyewe. Jamani!

"Nakupunguzia kazi," fundi saa alisema bila kugeuka.

Miaka ishirini na mitatu ya ndoa hajawahi kupunguza hata kijiko mezani, leo anapunguza kazi. Jicho aliguna, akarudi uani kwenye mabeseni yake. Ila roho haikutulia tena.

Akaanza kuhesabu. Mume akiingia bafuni, anaingia na birika la maji ya moto na kufunga komeo, yeye ambaye zamani alikuwa akioga huku akipiga soga mlango wazi. Suruali za kijivu kaziacha kabatini, siku hizi ni nyeusi tu, kama mtu aliyefiwa. Kwenye kochi hakai. Anakula kasimama dirishani, sahani mkononi, ati kazi ya kukaa imemchosha. Na amekonda. Jicho mwenyewe alishampunguzia suruali viuno mara mbili. Tena ananukia dawadawa fulani, kitu chenye kafuri. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili anakonda, anajifulia, anajipaka vitu. Kwa akili ya kawaida utasema ni nini?

"Mwanamke," alisema mpiga pasi wake, mama mmoja mnene aliyekuwa akifanya naye kazi pale uani na asiyejua kunong'ona. "Shoga, mwanamume hafui bure. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Si mtu wa mambo hayo."

"Wote si watu wa mambo hayo, mpaka siku wanakuwa."

Jicho alicheka, akarudi kwenye mabeseni. Miezi ikapita hivyo, yeye anachungulia, mume anafunga komeo. Wivu ni kazi ya kutwa, haina mapumziko. Mwezi wa saba wa kuchungulia akachoka. Jumanne moja saa nne asubuhi alijifunga kanga, akaenda dukani kwa mumewe bila taarifa. Akakuta kufuli.

"Katoka kidogo tu, shemeji," alisema fundi viatu wa jirani. "Siku hizi hutokatoka."

"Huenda wapi?"

Fundi viatu akainamia soli yake ghafla, kama soli ndiyo iliyomuuliza. "Atarudi."

Wanafichiana, Jicho akajisemea. Wanaume wote kitu kimoja. Alisimama pale mpaka akamwona mumewe anatokea nyuma ya jengo, anatembea polepole, mkono ukutani, uso umelowa jasho.

"Umetoka wapi?"

"Kumwona mteja."

"Nyuma ya jengo? Huko si kuna vyoo tu?"

Fundi saa alifungua kufuli, akainua saa ya mtu, akaitia jichoni ile lenzi yake, mazungumzo yakaishia hapo. Jicho alirudi nyumbani kwa hasira. Leo, alisema, leo nautafuta huo ushahidi hata chini ya ardhi.

Hakuhitaji kufika chini ya ardhi. Nyuma ya koti la harusi, ndani ya kabati, ulining'inia mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na chupi saba za mumewe, zimefuliwa, zimekunjwa. Akazipeleka dirishani. Alikuwa anatafuta rangi ya mdomo, unywele, chochote cha kike. Badala yake akaona madoa ya kahawia, yana ukingo mweusi kidogo. Kutu? Kutu haikai hivyo. Chai? Nani anamwaga chai hapo?

Kisha akajua.

Kila dobi hufundishwa jambo hili siku ya kwanza kabisa: damu ni maji baridi. Ukiipiga maji ya moto umeipika, inaingia ndani ya uzi na haitoki tena. Mumewe hakuwahi kufua, angejuaje? Kadiri alivyoogopa ndivyo alivyochemsha. Na damu yenyewe ilikuwa nyuma, kwenye kikalio, pale pale. Jicho aliketi kitandani, chupi saba mapajani. Miezi saba alikuwa akimtafuta mwanamke, na mume wake anavuja damu chumba cha pili. Alijiona mjinga. Akalia kwa sauti, mpaka mpiga pasi akauliza kutoka uani kuna nini.

Fundi saa aliporudi kula mchana, mfuko ulikuwa mezani.

"Baba watoto, kaa."

"Nimechoka kukaa."

"Najua hukai. Sema kwa nini."

Fundi saa aliutazama mfuko. "Bawasiri tu," akasema. "Kazi ya kukaa. Kuna mzee kaniuzia dawa ya kupaka, inasaidia."

"Inasaidia wapi? Damu inaongezeka! Inauma?"

"Nikienda haja ni kama napitisha vigae."

"Na mimi umenificha? Chupi za mtaa mzima zinapita mikononi mwangu, zako ndizo za kunionea haya?"

"Hao wa mtaani si waume zako," alisema taratibu. "Nilitaka wewe uendelee kuniona mtu."

Jicho aliuvuta mfuko kwake. Hilo lilimchoma kuliko angetajiwa mwanamke. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kesho hospitali."

"Watanitia kidole."

"Na watie! Mimi watoto watatu niliwazaa mbele ya watu sita, nani alinionea huruma?"

Kesho yake wakaenda. Daktari kumbe ni binti mdogo, umri wa mwanao. "Shikamoo mzee, shikamoo mama," alisema kwa adabu na tabasamu, huku anavuta glavu. Fundi saa aliziangalia zile glavu kama mtu anayeangalia mbwa asiyefungwa.

"Damu imeanza lini, mzee?"

"Wiki mbili hivi. Kidogo tu. Nikila pilipili."

Kalamu ikaanza kuandika. Jicho akamtazama mumewe, akamwona anavyoinama, akajua kuwa mtu huyu yuko tayari kufa ili tu atoke humo chumbani mapema.

"Samahani, mwanangu," alisema. Akafungua mkoba, akazipanga zile chupi saba juu ya meza ya daktari, moja moja.

"Mama watoto!"

"Nyamaza. Daktari, mimi ni dobi. Hii ya kwanza ina tone tu, imefuliwa mara nyingi, ona uzi ulivyochoka. Ni ya miezi saba. Hii ya tatu, doa limekua. Hii ya mwisho ni ya wiki iliyopita, kiganja kizima. Na amekonda, viuno nimepunguza mwenyewe. Wiki mbili si kweli."

Daktari aliweka kalamu chini. Alimpeleka fundi saa nyuma ya pazia, ukasikika ukelele mmoja. Aliporudi alikuwa hatabasamu tena.

"Bawasiri ipo, mzee. Lakini juu yake kuna uvimbe, nimeugusa. Tutapitisha kamera, tutakata kipande kiende maabara."

Majibu yalichukua siku kumi na mbili, na Jicho katika siku hizo hakuweza hata kutofautisha shati na shuka. Ilikuwa saratani, bado changa, haijapenya ukuta wa utumbo. Ikakatwa.

"Ile wiki mbili yako, mzee," daktari alisema siku ya kumruhusu, "ingenifanya nikupe dawa ya kupaka, urudi mwezi ujao. Mwezi ujao uvimbe ungekuwa umefika mbali."

Asubuhi moja, wiki kadhaa baadaye, fundi saa alitokea uani taratibu, chupi mkononi, akasimama mbele ya mabeseni kama mteja.

"Dobi, unapokea?"

Jicho aliipokea. Akaigeuza ndani nje, akainyanyua juani, akaikagua uzi kwa uzi. Mpiga pasi aliacha pasi hewani. Fundi saa alisubiri.

"Safi," Jicho alisema.

Akaitumbukiza kwenye maji baridi hata hivyo. Kisha akajifuta macho kwa bega, kwa sababu mikono ilikuwa na sabuni, na kumwambia, "Na kesho ulete tena."

"Nitaleta," alisema mumewe.