Usije Wiki Hii

Otilia Sanhueza alikuwa fundi cherehani mjini Concepción, na kila mwaka baridi ilipokaribia meza yake ilifurika suruali za kutelezea kwenye theluji. Wenye nazo walizileta zipu zimekufa na vitambaa vimechanika, naye akazishona, akazikunja, wakaja kuzichukua wakiwa na haraka ya safari. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga theluji. Milima aliijua kupitia dirisha la basi tu, myeupe na ya mbali, alipokwenda kuwatembelea wakwe zake enzi za uhai wa mumewe.

Kulikuwa na jambo lililomsumbua kuhusu zile suruali. Karibu zote zilichanika mahali pamoja, upande wa ndani, chini kabisa, karibu na kifundo cha mguu. Si gotini, si matakoni, ambako mtu angetarajia. Aliwauliza wateja. Mmoja alicheka, mwingine akasema ndivyo zilivyo. Otilia hakuridhika. Watu hao walikuwa wakifanya nini huko juu, hata suruali zote zikachanika pale pale?

Basi mwaka aliotimiza hamsini na saba alimwambia mdogo wake Mireya, aliyekuwa msusi, "Twende tukateleze kwenye theluji."

Mireya alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Alikiweka mezani taratibu.

"Wewe? Wewe unayeteleza jikoni kwako na kandambili?"

"Ndiyo maana. Nina mazoezi."

Mireya alicheka mpaka akajishika mbavu, lakini wazo lilimwingia. Tatizo ni kwamba liliingia na makuu yake. Alitaka kwenda kule kwenye mlima wenye jina, juu ya Santiago, kwenye hoteli za vioo na viti vya kamba vinavyopita angani. "Kama ni kwenda, twende kwenyewe. Nipige picha, shosti zangu wa saluni wapasuke roho."

Walipouliza bei, roho iliyopasuka ilikuwa yake. Gharama ya kulala kule siku moja ingewaweka kwenye mlima mdogo wa kusini wiki nzima, wakila na kushiba. Mireya akanuna, Otilia akachukua simu na kuanza kuipigia milima midogo, mmoja baada ya mwingine, ile ambayo haina matangazo popote.

Kwenye mlima wa kwanza alipokea kijana mwenye sauti ya mtangazaji wa redio. Theluji ni nzuri, alisema, jua linawaka, kila kitu kiko sawa.

"Na upepo?" aliuliza Otilia.

"Hakuna upepo, mama."

"Mlimani? Hakuna upepo kabisa?"

"Kila kitu kiko sawa, mama."

Wa pili ulikuwa na mashine iliyomwambia asubiri, akasubiri mpaka akachoka. Wa tatu uliitwa Las Lengas, kilabu kidogo cha watelezaji wa theluji kwenye ubavu wa volkano. Simu iliita sana. Hatimaye ikapokelewa na mwanamke aliyekuwa akitafuna kitu.

"Las Lengas. Sema haraka, mwanangu, nina sufuria motoni."

Otilia akamuuliza hali ya theluji.

"Mbaya," alisema yule mwanamke. "Ilinyesha mvua juu yake, ikaganda. Ukianguka ni kama umeanguka barabarani. Usije wiki hii."

Otilia aliishusha simu akaitazama, kisha akairudisha sikioni. "Wiki ijayo je?"

"Nipigie nikwambie. Mimi ni Herminda. Mwingine akipokea, mwambie anipe."

Ndivyo walivyozoeana. Wiki iliyofuata ukungu ulikuwa mzito kiasi cha mtu kutoziona fimbo zake mwenyewe za kutelezea, usije. Iliyofuata injini ya kamba ya kuwavutia watu juu, injini ya lori kuukuu, ilikuwa imegoma, usije. Katikati ya hayo doña Herminda, kama Otilia alivyozoea kumwita kwa heshima, alimweleza jinsi ya kuvaa soksi, jozi moja nene na si mbili nyembamba, na kwa nini mkate hauumuki vizuri kule juu. Mireya alipandwa na hasira. "Dada, huyo mama anatufukuza. Huoni?"

"Naona," alisema Otilia. "Na kwa kuwa anatufukuza, siku akituita nitamwamini."

Siku hiyo ilifika katikati ya Agosti, ndiyo baridi yenyewe kwao. Simu ilipokelewa kabla haijaita mara ya pili. "Njooni kesho," alisema doña Herminda. "Theluji imeshuka mfululizo, kavu kabisa. Ukiikanyaga inalia, kama wanga ukiubana kiganjani. Njooni."

Walipanda basi alfajiri, wakashuka kijijini mchana. Aliyekuja kuwapokea na gari lenye minyororo kwenye magurudumu alikuwa don Efraín, kaka yake Herminda na msimamizi wa mlima, mwanamume mrefu ambaye uso wake ulikuwa umeungua na jua isipokuwa pale penye miwani. Alifurahi kuwaona kupita kiasi. Njiani alifunguka.

"Ninyi ni wageni wetu wa kwanza mwezi huu, wanakilabu ukiwatoa. Sielewi, akina mama. Simu inaita kutwa, nasikia kwa masikio yangu. Halafu haji mtu. Ninyi mmeamuaje kuja?"

"Dada yako ndiye aliyetuambia," alisema Otilia bila kuwaza. "Tena alikuwa ametukataza mara tatu. Mara barafu, mara ukungu, mara injini. Jana ndipo akasema tuje."

Gari lilisimama katikati ya barabara. Don Efraín alimgeukia polepole.

"Amewakataza?"

Mireya alimkanyaga dadake mguu, lakini mtama ulikwisha mwagika.

Walipofika kwenye nyumba ya mbao Efraín aliingia jikoni na viatu vyake vyenye theluji. Herminda alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye aproni ya maua, akikoroga mchuzi wa kuku na boga. Kelele zilianza kabla wageni hawajaweka mizigo chini.

"Kumbe wewe ndiye unayewafukuza watu!"

"Simfukuzi mtu. Nawaambia ukweli."

"Nani amekuuliza ukweli?"

"Wao! Wananiuliza theluji ikoje. Ulitaka niwadanganye?"

"Nilitaka uwaambie waje! Wakishafika watajionea wenyewe!"

"Wajionee wakiwa wamevunjika miguu? Ondoka jikoni kwangu, unanimwagia maji."

Efraín aliing'oa simu ukutani pamoja na waya wake, akaibeba chini ya kwapa kama kuku, akatoka. Otilia alibaki mlangoni na begi lake, amenywea. Alitaka kuomba radhi. Herminda akamsogezea bakuli kabla hajafumbua mdomo. "Kula, mwanangu. Mambo ya ndugu hayo. Na hizo soksi, ni jozi moja?"

Asubuhi Efraín aliwafundisha, kwa kuwa mwalimu mwingine hakuwepo. Alifundisha kwa kununa, akitoa maneno machache machache, mpaka maswali ya Otilia yalipoanza. Kwa nini theluji ndani ya shimo inaonekana ya buluu? Nta wanayopaka chini ya skii, zile mbao ndefu za miguuni, ni ya nini, si tayari zinateleza? Ndege wale weusi wanakula nini huku? Efraín alijibu la kwanza kwa mkato, la pili kwa urefu, na kufikia la tatu alikuwa amesimama amejiegemeza kwenye fimbo yake, akieleza na mkono wa pili. Tangu lini mtu alikuwa amemuuliza jambo lisilohusu bei au choo?

Mireya alijua kusimama mapema, akawa anashuka mteremko mdogo wa watoto huku akipiga mayowe. Otilia alianguka. Aliinuka akaanguka tena, safari hii skii moja ikapita juu ya nyingine, akaketi kwenye theluji miguu imepishana. Akahisi baridi kwenye kifundo. Akainama. Suruali aliyoazima ilikuwa imechanika, upande wa ndani, chini kabisa. Akapapasa ukingo wa skii: ulikuwa wa chuma, mkali kama mkasi wake wa kukatia.

"Ni ukingo!" alipiga kelele. "Mireya! Ni ukingo wenyewe!"

Mireya alishuka mbio, nusu akiteleza, nusu akitambaa. "Umevunjika wapi? Usiusogeze mguu!"

"Sijavunjika. Tazama! Mtu anajikata mwenyewe, mguu huu kwa mguu huu!"

Mireya alimtazama dada yake aliyekaa kwenye theluji akiishika suruali iliyochanika kwa furaha ya mtu aliyepata mtoto. "Mungu wangu," alisema, "na mimi ndiye niliyekubali kusafiri naye." Lakini Efraín alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu garini, akamwonyesha Otilia namna ya kupanua miguu ili skii zisigombane.

Simu sasa aliishika Efraín, ameichomeka chumbani kwake. Tangu mchana huo alikuwa anaahidi jua. Kesho yake ikafika familia kutoka Talca, baba, mama na watoto watatu, gari limejaa mpaka dirishani. Walipofika, upepo ulikuwa ukishuka kwa nguvu kutoka kwenye volkano, upepo ule unaorusha vipande vya barafu usoni kama changarawe. Kamba ilibidi isimamishwe. Yule baba alisimama mbele ya nyumba akampa Efraín vidonge vyake hadharani.

"Ulisema jua! Nimekuuliza mara mbili, hata leo alfajiri, ukasema jua!"

"Mlimani hali hubadilika, bwana."

"Ilibadilika lini? Hawa wanasema ni tangu jana jioni!" Alimaanisha dada wawili waliokuwa dirishani na vikombe vyao, na Mireya akajificha nyuma ya pazia.

 Herminda alitoka na sinia ya maandazi ya boga ya moto, akawapa watoto. Wakala, wakashukuru, wakaingia garini, wakaondoka. Efraín alibaki amesimama kwenye upepo muda mrefu, mikono mfukoni. Aliporudi ndani aliiweka simu mezani kando ya sufuria, akauchomeka waya ukutani mwenyewe.

"Basi uwaambie na mazuri," alisema bila kumtazama dada yake. "Hata moja. Waambie chakula."

"Chakula wataonja wakija."

"Herminda!"

"Haya. Nitataja chakula."

Otilia alitamani kuchangia, akajizuia. Alikuwa amekwisha kusema ya kutosha tangu afike.

Siku yao ya mwisho upepo ulilala kabisa, mbingu ikawa safi. Otilia sasa aliweza kushuka bila kuanguka, mradi asifikirie sana. Alisimama nje na Efraín akitazama mgongo wa mlima uliokuwa juu yao.

"Ng'ambo ya pale kuna nini?"

"Bonde."

"Bonde gani? Lina miti? Lina maji?"

Efraín alijikuna kidevu. "Herminda, mweleze."

"Mimi nitajuaje?" alijibu Herminda kutoka mlangoni, akikung'uta kitambaa. "Sijawahi kufika."

Efraín aligeuka. "Hujawahi? Umekaa hapa miaka yote hii!"

"Nimekaa hapa nikipika. Nani angepika?"

 Efraín alikwenda nyuma ya nyumba, wakasikia trekta la theluji likikohoa mara kadhaa mpaka likawaka. Aliporudi alikuwa na blanketi. "Zima moto, Herminda. Leo tutakula mkate na jibini kule juu."

"Na goti langu bovu?"

"Goti lako litakaa kwenye kiti."

Walimpandisha, Mireya akimsukuma kwa chini na Herminda akiwatukana wote watatu. Aproni hakuivua. Otilia alipakia skii zake nyuma. Trekta lilipanda polepole katikati ya araukaria, ile miti mirefu yenye matawi yaliyopinda juu, kisha miti ikaisha kukabaki weupe mtupu na ukimya. Juu ya mgongo Efraín alizima injini.

Chini yao kulikuwa na bonde ambalo halikuwa na alama ya mguu wa mtu. Katikati yake kulikuwa na ziwa jeusi lisiloganda, na kando ya ziwa mvuke ulikuwa ukitoka ardhini, ukipanda moja kwa moja kwa kuwa hapakuwa na upepo wa kuuinamisha. Bata wawili waliogelea ndani ya mvuke wakatokea upande wa pili. Herminda alijifunga blanketi akatazama. Hakutafuna kitu. Mireya alikuwa ameitoa simu yake apige picha, ikabaki mkononi.

"Maji yale ni ya moto?" aliuliza Herminda hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Pembeni ni ya moto," alisema kaka yake. "Katikati ni baridi."

"Na wale bata wanajuaje waishie wapi?"

 Efraín akasema labda wanahisi kwa miguu. Herminda akasema miguu ya bata haihisi baridi, yeye amechinja bata wa kutosha kuijua miguu yao. Mireya akasema bata wa saluni kwao, yaani wateja wake, huwa wanajua maji yakiwa ya moto hata kabla hayajawagusa. Wakaanza kubishana wote watatu, mkate na jibini vikipita mkono kwa mkono.

Otilia alifunga viatu vyake, akabana skii, akavuta pumzi. Aligeukia upande wa kilabu, akapanua miguu vizuri, akajiachia. Theluji ililia chini yake kwa sauti nyembamba, na alipofika kwenye miti ya kwanza bado aliwasikia huko juu wakibishana.