Kidoa cha Kona ya Kulia

Mimi sisinzii kwenye filamu. Nasema hilo mapema kwa sababu kuna profesa mmoja alinizushia. Miaka thelathini na moja nimeendesha mashine za ukumbi wa sinema, kwenye kile chumba cha juu chenye joto la tanuri, na hata siku moja skrini haikubaki nyeupe mbele ya watu. Thubutu!

Binti yangu wa mwisho anasomea ubongo. Aliwavalisha watu arobaini kofia za nyaya, mmoja mmoja, akawaonyesha filamu ya zamani huku kompyuta ikichora mstari wa kila kichwa. Mimi nilikuwa wa arobaini. Nilijipeleka mwenyewe, nani angenizuia?

Siku ya kutetea kazi yake chuoni nilikaa nyuma, suti imenyooka. Mtoto alieleza, jamani! Penye kichekesho mistari ya vichwa vyote inapanda, lakini kila mtu ana yake: fundi cherehani anashtuka likiingia gauni jipya, dereva anashtuka gari likikata kona. Nilivimba kichwa, vifungo vya shati vikanibana.

Profesa akavua miwani. "Na huyu wa arobaini? Bibi harusi anaachwa, wenzake wote wanapanda, yeye kimya. Halafu anaruka pale mtu anapofunga mlango tu. Ama alisinzia akaota, ama kofia zako mbovu. Kama ni kofia, miaka miwili yote hii unaanza upya."

Binti yangu akainamia karatasi zake. Alikuwa ameapa kutomtaja mtu yeyote aliyevaa kofia ile, na hata macho hakunitupia. Alikuwa radhi kazi imwagike kuliko kuvunja kiapo. Huyo ndiye niliyemlea mimi, na nilitaka kulia kwa fahari, lakini kwanza nilikuwa na hasira.

Nikasimama. "Kichwa hicho ni changu, na hakikulala!"

"Baba, kaa," akanong'ona.

"Sikai. Mama, weka filamu hapo penye mlango."

Akaiweka. Nikanyoosha kidole kwenye kona ya juu kulia. "Hapo!" Kidoa cheusi kikatokea, kikapotea. Nikahesabu hadi saba. "Na hapo!" Kingine.

Nikawaeleza. Zamani filamu moja ilikuja kwa mikanda sita. Kidoa cha kwanza kinakwambia washa mashine ya pili, cha pili kinakwambia badilisha sasa hivi. Waliponakili mikanda kwenye kompyuta, vidoa vikaja navyo. Wakapima sehemu zote tano za kubadilishia mkanda, na kila niliporuka, kidoa kilikuwepo.

"Nimeitazama mara sita," profesa akasema polepole, "sijakiona hata kimoja."

"Hujawahi kulipwa kukiona."

Watu wakacheka, naye akacheka. Kisha akamgeukia binti yangu. "Kofia zako nzima, Daktari." Daktari! Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka. Maji hufuata mkondo.

Njiani kurudi nyumbani aliniuliza, "Baba, kwani bibi harusi anaachwa kwa nini?"

Sikujua. Filamu ile niliionyesha zaidi ya mara mia mbili, na sikujua.

Jioni akaweka filamu ile, akabandika kipande cha karatasi kwenye kona ya juu kulia ya televisheni, akaketi kando yangu. "Leo huna zamu, Baba. Tazama tu."

Bibi harusi alipoachwa, nililia kama mtoto. Profesa asiambiwe.