Placide Anajua Neno la Kila Bariera

Wamama wenye mabinti, nawaandikia ninyi. Mwaka ule wa vita, toka mtaa wa Kimanga mpaka ule wa Mulongwe kulikuwa na bariera sita za askari, kila moja na neno lake la siri. Placide, mchumba wa binti yangu Sabine, aliyajua yote. Akipita na vitenge vyake vya kuuza wanamfungulia wakicheka. Nikamsifu soko zima: huyu ndiye mkwe.

Kisha Sabine akashikwa na maumivu kidogo chini ya kitovu. Célestine, muuguzi wetu, akampima, akasema ni klamidia, ugonjwa wa zinaa. Ukikaa unaweza kuziba mirija ya uzazi, asizae.

“Mwili hauna walinzi?” nikauliza.

“Wako, mama. Seli iko na protini zake za kupeleka ujumbe ndani, kama askari wa bariera. Mdudu huyu havunji mlango. Anapenyeza protini zake, zinaongea kama mtu wa nyumbani, na seli yenyewe inamkumbatia na kumwingiza. Akiwa ndani anaikataza isife, imlishe kwanza.”

“Basi tubadilishe neno.”

Célestine alicheka hadi akaegemea meza. “Neno la seli halibadilishwi, mama. Anywe vidonge siku saba. Na mwanaume naye anywe, la sivyo atamrudishia.”

Tukamwita Placide naye anywe vidonge. Akaja, macho chini kama inavyompasa mbele ya mama mkwe.

“Mama, minye niko muzima. Siumwi popote.”

“Hata Sabine hakuumwa mwanzoni. Maneno ya bariera unafundishwa na nani?”

“Wale bamama wanaouza pombe ya kasiksi pembeni ya bariera. Askari wakilewa wanawaambia.”

“Wa bariera zote sita?”

Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

Sabine akaweka kiti katikati ya mlango, akakaa. “Hapa iko bariera ya saba. Sema neno.”

“Mpenzi.”

“Hilo ni la jana.”

“Nisamehe.”

“La juzi. Neno la leo ni karatasi ya munganga kwamba umetibiwa, yenye muhuri. Weye nenda.”

Siku ya nane Célestine akamwona Sabine, akasema tuliwahi. Jioni Placide akaleta karatasi. Sabine akaisoma mara mbili, akaigeuza kutazama muhuri. Kisha akampa kiti kingine, cha nje.